Pikipiki ya Zamani Isiyotaka Kuwaka

Ninyi watu wa Bule, na ninyi mkaao katika vijiji vilivyo karibu na machimbo ya dhahabu ya Djugu, sikieni habari hii. Alfajiri kuna baridi na ukungu. Mtu amekwisha kufunga magunia yake ya viazi, ataka kufika Bunia kabla soko halijajaa. Apiga kiki mara ishirini, moteri haingurumi. Amwita fundi, naye asema: «Karbiratere imekufa, leta pesa.» Mbuzi auzwa, karbiratere mpya yafungwa, na pikipiki haiwaki vilevile, maana ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Jua kwamba moteri yataka vitu vinne: esanse, hewa, cheche ya moto, na nguvu ya kukandamiza. Kimoja kikikosa, utapiga kiki mpaka jioni bure. Basi tafuta ni kipi kilichokosa, ukianza na kile kisichokugharimu kitu.

Je, robine ya esanse imefunguliwa? Igeuze upande wa akiba. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu cha kifuniko kimezibwa na matope, na esanse haiwezi kushuka. Tazama pia kitufe cha kuzimia moteri kilicho katika usukani. Wengi wamesumbuka kwa ajili yake tu.

Wakati wa baridi esanse haigeuki mvuke upesi. Kwa hiyo vuta choki, usiguse gesi, piga kiki mara tatu au nne kwa nguvu. Moteri ikiisha kupata moto, irudishe choki. Huku juu milimani hewa ni nyepesi kuliko kule chini Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, lililo kama metre 600 tu juu ya bahari. Pikipiki iliyopimwa kwa nchi ya chini hupata huku esanse nyingi kupita hewa yake, nayo buji huwa nyeusi. Ukisahau choki, wazidisha ubaya huo.

Sasa toa buji, uitazame vizuri, maana yasema mengi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, ni nzima. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, esanse haifiki. Ikiwa na masizi makavu, hewa ni kidogo: fungua filta, utaona vumbi jekundu la barabara limeiziba. Ikiwa imelowa esanse, umeizamisha moteri. Funga robine, zima swichi, fungua gesi yote, piga kiki mara kumi buji ikiwa nje, kisha ngoja mvuke utawanyike. Pangusa buji, isugue kwa brashi. Nafasi ya ncha zake katika pikipiki nyingi ndogo ni kama milimita 0.7, kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kwa upande usio na meno, kipite pale bila kulegea sana.

Kujaribu cheche kwataka akili. Watu wameungua kwa kazi hii. Usiifanye ndani ya nyumba, wala karibu na bidoni ya esanse, wala na sigara mdomoni. Kama una buji mbili, funga moja katika tundu lake, na ya pili itie katika kofia ya waya. Chuma chake kiguse chuma kitupu cha moteri, si mahali penye rangi. Washa swichi, upige kiki, usiishike kwa mkono. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Cheche ya manjano, hafifu, au hakuna kabisa: jaribu buji nyingine, kisha tazama kofia na waya. Pikipiki za zamani sana zina platine. Zikichafuka, zipanguse kwa karatasi safi.

Cheche ikiwa njema, ishuku esanse. Ile iuzwayo kwa chupa kando ya barabara mara nyingine ina maji. Legeza skurubu iliyo chini ya karbiratere, kinga esanse katika chupa ya kioo, uiache itulie. Maji hukaa chini, nawe utaona mpaka wake. Kitundu chembamba cha ndani kikiziba, kipulize kwa pampu ya baiskeli. Usikichokoe kwa waya, maana kikipanuka hakirudi tena.

Mwisho, sukuma kiki polepole kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka laini bila kushindana nawe, nguvu ya kukandamiza imepungua. Toa buji, tia kijiko kidogo cha mafuta ya moteri ndani ya tundu, piga kiki mara chache, rudisha buji, kisha sukuma tena. Ikishindana sasa, pete za pistoni zimelika. Isiposhindana, huenda ni valvu. Hapo ndipo umwite fundi, umwambie uliyoyaona, naye afungue mahali pale, asiguse karbiratere.