Somo la Shura: Kuketi kwa Akina Mama

Wengi wetu hudhani kuwa shauri la nchi ni la wakubwa, na mnyonge hana ila kungoja. Sivyo.

Mwaka wa 1992 Bibi Monica Wangu Wamwere alitoka pande za Nakuru, wala si katika majumba ya Milimani. Mwanawe, Koigi, alikuwa gerezani kwa sababu ya siasa. Yeye na akina mama wenziwe, pamoja na Wangari Maathai, waliketi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakitaka wana wao wafunguliwe. Watu wakawajia, na kila aliyeteswa akapewa nafasi kueleza yaliyompata. Tarehe 3 Machi askari wakawafukuza kwa marungu na moshi wa kutoza machozi. Wakarudi, wakaketi katika kanisa la All Saints karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 Koigi alifunguliwa.

Basi hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, khofu huvunjika watu wanapoketi pamoja. Pili, shura ni kumsikiliza asiye na cheo. Je, katika misikiti na vyama vyetu mnyonge husikilizwa? Tukiwaziba wenzetu vinywa, tutamlaumuje mtawala?