Dodoso lisimponze mhojiwa

SWALI: Nimemaliza shahada ya uzamivu na nimepata ufadhili wa miaka miwili kutafiti namna ya kuzuia ukatili katika jamii za Hanang na Mbulu. Nianzie wapi?

JIBU: Hongera, ndugu yangu. Kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania (COSTECH) na cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) viombe mapema, maana huchelewa.

Kisha anza na wanawake wa Kidatoga wa huko. Wana baraza lao, ambalo mwanaanthropolojia George Klima aliandika habari zake mwaka 1964: mwanamume aliyevunja haki ya mwanamke huitwa, husomewa kosa na hutozwa faini. Kinga ilikuwepo kabla ya dodoso lako! Uliza leo baraza hilo linamwogopesha nani, na linamwacha nani nje.

Usishangae ukipokelewa kwa jicho la pembeni. Wabarabaig, tawi la Wadatoga, hawajasahau malisho yao yalivyogeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la serikali NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wanawajua wageni wenye karatasi.

Kubwa kuliko yote ni usalama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unataka uhoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, faraghani, na kijijini utafiti utambulishwe kama wa afya ya wanawake, si wa vipigo. Mume akitokea ghafla, geuza maneno: uliza habari za kliniki. Na kabla ya swali la kwanza, zungumza na hospitali, mathalani Haydom kule Mbulu, ujue majeruhi utampeleka kwa nani na nauli atalipa nani.