Jinsi ya Kutafuta Asili ya Jina la Mahali: Mbinu kwa Wakazi wa Rungwa

Wengi wanaochunguza majina ya mahali huanza kwa kuuliza, "Lina maana gani?" Swali hilo liweke mwisho. Rungwa iko njia panda ya kwenda Itigi, Chunya na Tabora, katika nchi ya Wakimbu, na wapitaji ni wengi. Ukiharakia maana, kila mtu atakupa ya kwake.

1. Anza na matamshi
Orodhesha vitongoji, mito, vilima na visima. Mwombe mwenyeji alitamke kila jina, umrekodi kwa simu. Usitegemee kibao cha barabarani wala ramani peke yake, kwani makarani waliandika walivyosikia. Sauti za r na l hubadilishana: hata Rufiji imewahi kuandikwa Lufiji. Angalia pia majina yanayofanana. Mto Rungwa humwaga maji yake Ziwa Rukwa. Rungwe ni mlima ulioko Mbeya.

2. Tambua lugha
Jina la Kikimbu usilifungue kwa kamusi ya Kiswahili. Uliza kwanza nani walikaa hapo zamani na walisema lugha gani. Kisha tenga mwanzo wa jina na kiini chake. U- hutaja nchi: Ukimbu, Ugogo, Unyamwezi. Ru- au Lu- huonekana sana kwenye mito: Ruaha, Rufiji, Ruvuma. Kiini kilichobaki kipeleke kwa wasemaji wa Kikimbu, halafu kwa Wanyamwezi na Wagogo.

3. Waulize wazee mmoja mmoja
Wakikaa pamoja, wa kwanza kusema huwavuta wengine. Usimtilie mzee jibu mdomoni. Muulize: "Babu, uliyasikia haya kwa nani? Kabla ya hapo paliitwaje?" Jihadhari na kisa cha Mzungu aliyeuliza jina la mahali, mwenyeji asimwelewe, akajibu jambo jingine. Kimezagaa nchi nzima, na kisa kinachofaa kila mahali hakithibitishi popote. Lakini usidharau maana nyepesi: nyasa ni neno la "ziwa" tu, ndugu wa nyanja na nyanza.

4. Pekua maandishi ya zamani
Huko Uingereza, English Place-Name Society, iliyoanzishwa 1923, hukusanya kwanza namna jina lilivyoandikwa katika hati za kale, ndipo ieleze maana. Fanya hivyo pia. Tafuta ramani na ripoti za Wajerumani na Waingereza, hasa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kitabu cha Aylward Shorter kuhusu utemi wa Wakimbu, kilichotoka 1972, kitakufaa sana. Kumbuka kwamba mahali pengine palibadilishwa jina: Kasanga iliitwa Bismarckburg, na Tukuyu iliitwa Neu Langenburg. Ukitafuta jina la leo tu, hati hizo zitakupita.

5. Nenda ukaone
Jina likitaja maji, chumvi au mti, fika hapo kiangazi na masika. Kama mti umekwisha kukatwa, waulize wafugaji na warina asali ulikuwa wapi. Usiingie Pori la Akiba la Rungwa bila kibali.

6. Andika na upime
Kwa kila jina weka matamshi, lugha, msimulizi aliyekubali kutajwa, tarehe na maana zote ulizopewa. Usichague iliyokupendeza. Kumbuka kwamba mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro 1848, na hadi leo watu wanabishania asili ya jina lake.

Sasa ndipo utoe uamuzi. Maana inayoungwa mkono na matamshi, maandishi na ardhi yenyewe, iandikie "imethibitika". Yenye mashahidi wawili kati ya hao, "inaelekea". Yenye mmoja, "inasemekana". Nakala moja iache shuleni, nyingine ofisi ya kijiji, ili atakayepata ushahidi mpya ajue pa kuanzia kusahihisha.