Somo la Kiingereza: Pesa Zilitolewa na Nani?



Hivi majuzi tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama hapa Busia kukagua vitabu vyao. Mihutasari yao huandikwa kwa Kiingereza. Tukakuta mstari huu: "4,000 shillings was given." Basi, umeishia hapo. Zilitolewa na nani? Alipewa nani? Hakuna aliyekumbuka. Maneno yakawa mengi, na kabla ya jioni wanachama wawili wakajitoa. Kwa hiyo hebu tujifunze jambo hili pamoja.

Kwa Kiswahili mnalijua tayari. Tunasema, "Mweka hazina alipokea pesa." Tukigeuza: "Pesa zilipokelewa na mweka hazina." Kitu kilichotendewa kimetangulia, na kitenzi kimepata "w". Hii ni kauli ya kutendwa.

Kiingereza hakina hiyo "w". Fuata hatua hizi:

1. Anza na kilichotendewa: "The money".

2. Weka "is" au "are" kwa mambo ya sasa, "was" au "were" kwa yaliyopita, "will be" kwa yajayo. "Is" na "was" ni za kitu kimoja; "are" na "were" ni za vingi.

3. Weka kitenzi katika umbo lake la tatu: pay, paid, paid, give, gave, given, write, wrote, written. Usiandike "was wrote". Andika "was written".

4. Mtaje mtendaji kwa "by": "The money was received by the treasurer." Hapa wengi wetu huteleza, kwa sababu "na" yetu ina kazi nyingi. Si "and the treasurer", wala si "with the treasurer".

Je, ni lazima mtendaji atajwe kila mara? Hapana. Ukivusha maharagwe ya Uganda yenye thamani isiyozidi dola 2,000, cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinahusu yalikotoka: "The beans were grown in Uganda." Nani alishika jembe, hakuna anayeuliza. Sheria nayo husema, "Duty must be paid," yaani ushuru lazima ulipwe, na inamhusu kila mtu.

Lakini panapo pesa, uamuzi au mali iliyochukuliwa, mtendaji asifichwe. Ukiambiwa pale Malaba, "Your goods were seized," uliza kwa heshima: "By whom, please?" Omba jina na karatasi.

Na kama Kiingereza kinawasumbua, andikeni Kiswahili bila aibu. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ila hata hapo, ukiandika "zilitolewa", malizia: na nani, kwa nani, lini.

Zoezi la kikundi

Geuzeni:
(a) "The chairlady signed the cheque."
(b) "The group will buy two goats."
(c) Fungueni kitabu chenu. Tafuteni mstari wa pesa usiotaja mtendaji, mkaurekebishe wote mkiwapo.

Majibu: (a) "The cheque was signed by the chairlady." (b) "Two goats will be bought by the group." Jibu la (c) mnalo ninyi wenyewe. Msilingoje mpaka ugomvi uanze.