Ukienda Kumjulia Hali Mgonjwa, China

Mwenyeji wako wa Guangzhou amelazwa, au mwanafunzi mwenzako Beijing kashikwa na homa. Kabla hujatoka:

1. Jua "duō hē rèshuǐ", yaani kunywa sana maji ya moto. Hiyo ndiyo pole yao. Mafua, tumbo, hedhi, hata kuachwa na mchumba: maji ya moto. Serikali iliyahimiza maji yaliyochemshwa katika kampeni ya afya iliyoanza mwaka 1952, na mpaka leo ndani ya treni utakuta bomba la maji ya moto, abiria wakijaza chupa zao za chai. Wasichana wamelifanyia utani neno hili: mwanamume asiyejua kusema jingine ni mvivu wa mapenzi. Kwa hiyo liseme, halafu mmiminie kikombe.

2. Usimuulize atarudi lini kazini. Kwao ugonjwa huja kama mlima unaoporomoka, na huondoka kama uzi wa hariri unaovutwa. Mwambie "hǎohǎo xiūxi", pumzika vizuri.

3. Beba matunda, ila chagua. Matofaa yanafaa karibu kote, maana jina lake lina sauti ya amani. Shanghai, kwa lahaja ya pale, linakaribia kusikika kama kufa kwa maradhi! Peari acha, "lí" ni sauti ya kutengana pia. Saa ya ukutani usithubutu: kumpa mtu saa husikika kama kumsindikiza kaburini. Maua meupe ni ya msibani.

4. Ukipika, pika uji mwepesi wa mchele au supu ya kuku yenye tangawizi na kunazi nyekundu zilizokaushwa. Soda ya baridi ibaki dukani. Aliyepasuliwa huenda akakataa kamba na nyama ya kondoo, kwa kuwa huhesabiwa "fāwù", vyakula vya kuamsha maradhi. Usibishane naye, kitandani si mahali pa mdahalo.

5. Jina la ugonjwa usilitaje mbele yake. Ikiwa ni saratani, mara nyingi ndugu huambiwa kwanza, na mgonjwa akafichwa. Lulu Wang alitengeneza filamu ya The Farewell (2019) kutokana na kisa kama hicho cha bibi yake mwenyewe. Mimi siafiki kumficha mtu maradhi yake, lakini mgeni hana kura hapo. Muulize binti yake, nje ya wodi.

6. Ukiaga, usiseme "zàijiàn", tuonane tena. Nani anataka kuonana tena hospitalini? Sema "bǎozhòng", jitunze, uende zako.