Kompyuta ya Hospitali Haikujui kwa Sura

Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku kwetu Pwani aliujua utaratibu wa hospitali kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Unafika na daftari lako la shule. Unapanga foleni dirishani, karani anaandika jina lako katika kitabu kikubwa. Unaingia kwa daktari, unatoka na karatasi ya maabara, unarudi na majibu, unakwenda dirisha la dawa. Daftari likiloa mvua au likiliwa na mchwa, habari za ugonjwa wako za miaka mitano zimekwenda nalo.

Siku hizi katika hospitali nyingi karani anabonyeza kompyuta. Unapewa namba. Daktari anakuambia tu, "Nenda maabara," na ukifika huko jina lako limeshatangulia. Serikali imesambaza mfumo wake uitwao GoT-HoMIS katika hospitali na vituo vingi vya afya, na hospitali za mashirika ya dini nazo zina mifumo ya namna hiyo. Wengine wanafurahi, wengine wana wasiwasi. Wapo wazee wanaosema daktari wa leo anaitazama mashine kuliko anavyomtazama mgonjwa, nao hawajakosea sana.

Katika ukurasa wetu wa afya safari hii tunataka kueleza kompyuta hiyo inaokoa maisha namna gani, na hatari iko wapi. Maana hatari ipo, na sehemu kubwa ya kinga yake iko mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake.

Kutoka kitabuni hadi kwenye mashine

Kuandika habari za wagonjwa si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya 1990 zahanati na hospitali zimekuwa zikijaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi nesi alijumlisha mistari kwa mkono, na karatasi zikasafiri kwenda wilayani. Mkoa wetu wa Pwani ulitumika katika majaribio ya kuzihamishia hesabu hizo kwenye kompyuta, na kufikia 2013 programu hiyo, DHIS2, ilikuwa imeenea nchi nzima.

Teknolojia yenye faida si lazima iwe ya ajabu. Kati ya 2009 na 2010 vituo 129 vya wilaya za Lushoto, Kigoma Vijijini na Ulanga vilishiriki katika jaribio la kutumia simu za kawaida. Kila wiki mhudumu alipata ujumbe wa kumwuliza dawa za malaria zilizobaki, naye akajibu kwa ujumbe. Wilaya iliona mara moja ni wapi dawa imekwisha. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Dawa zilikuwepo wilayani, ila habari ndiyo iliyokuwa haitembei.

Mashine ya hospitali inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamfuata mgonjwa mmoja mmoja. Mwandiko wa daktari, ambao wengi tumeshindwa kuusoma, hauna tena nafasi ya kumpotosha mtoa dawa. Majibu ya maabara hayaangukii njiani. Na mfumo ukitengenezwa vizuri unaweza kukataa jambo lisilowezekana: nesi akiandika kuwa mtoto wa miezi 7 ana kilo 75 badala ya 7.5, mashine inamsimamisha. Hilo si jambo dogo, kwa sababu dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kilo, na nukta moja ikipotea mtoto anapewa dozi mara kumi.

Lakini mashine ina makosa ya kwake, ambayo kalamu haikuwa nayo. Klorofeniramini, ile ambayo wengi tunaijua kama Piriton, ni dawa ya mafua na kuwashwa. Kloropromazini ni dawa ya wagonjwa wa akili. Katika orodha ya kompyuta majina haya mawili hukaa karibu karibu, na kidole kilichochoka kinaweza kuteremka mstari mmoja zaidi. Herufi zitakuwa safi kabisa, dawa siyo. Kwa hiyo ukiwa dirishani uliza, "Hii ni dawa ya nini?" Jibu lisipolingana na ugonjwa wako, usiondoke.

Kulwa na Doto

Tukija kwenye majina, hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi kidogo.

Nesi wa zahanati yenu anakujua kwa sura, anamjua na mama yako. Kompyuta haikujui. Inakujua kwa herufi na tarakimu tu. Kwetu Pwani mtoto mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani alilopewa na bibi, na shuleni akaandikwa kwa jina la babu badala ya la baba. Leo anaandikwa Khadija, mwezi ujao Hadija. Leo Joseph, kesho Yosefu. Kwa mashine hao ni watu wanne. Faili moja lina habari kwamba aliwahi kuzimia kwa sindano ya penisilini, faili jingine halina, na daktari wa zamu ya usiku anafungua hilo jingine.

Kinyume chake kina hatari kubwa zaidi: watu wawili kuingia katika faili moja. Tuchukue mfano wa pacha, Kulwa na Doto. Jina la baba ni moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, kijiji ni kimoja, pengine wote ni wasichana. Kulwa analazwa kwa upungufu wa damu. Karani anatafuta kwa jina la baba na tarehe, majina mawili yanajitokeza, anabonyeza la juu. Kundi la damu linalosomeka ni la Doto. Si pacha wote walio na kundi moja, na damu isiyopatana inaweza kuua. Ndiyo maana maabara inayofuata utaratibu hupima upya damu ya mgonjwa na kuilinganisha na ile ya kuongezwa, hata kama kompyuta imekwisha kusema. Mzazi wa pacha ana haki ya kuuliza kama imefanyika.

Makosa ya namna hii yalikuwepo kabla ya kompyuta na yako dunia nzima. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo tisa ya usalama wa mgonjwa. Mojawapo ni kwamba mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili angalau, kama jina na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba isihesabiwe kuwa kimojawapo. Kwa pacha wetu hata viwili hivyo havitoshi. Wao waandikishwe kwa jina la kwanza lililo tofauti waziwazi, na kila mmoja awe na kadi yake na namba yake ya hospitali, zisichanganywe katika mfuko mmoja.

Kuna na tabia yetu wenyewe. Tumelelewa kutombishia mganga. Nesi akiuliza, "Wewe ndiye Asha Juma?" mgonjwa mwenye homa anaitikia "ndiyo" kwa adabu tu, hata kama ni Aisha Juma. Tunashauri hivi: usijibu ndiyo. Taja majina yako matatu na mwaka uliozaliwa. Nesi mwenye kujua kazi yake hatachukia, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuuliza.

Dawa iliyokukataa

Kompyuta inaweza kumwonya daktari kuhusu dawa isiyokupatana, lakini ni lazima mtu awe amemwambia. Mfano ulio karibu nasi ni dawa za salfa. Septrin ina salfa. Vidonge vya SP, vile vitatu ambavyo mama mjamzito humeza kliniki mbele ya nesi kujikinga na malaria, navyo vina salfa. Mtu aliyewahi kumeza Septrin akatokwa malengelenge, vidonda mdomoni au ngozi kubabuka, ana mzio, au aleji kama wengi wanavyosema, na SP inaweza kumrudishia hali hiyo, hata kumtoa uhai. Majina ni tofauti, rangi ni tofauti, naye haoni uhusiano wowote.

Vivyo hivyo mama anayemeza Septrin kila siku kwa maelekezo ya kliniki ya CTC hapaswi kupewa SP. Kadi ya CTC ni moja na kadi ya wajawazito ni nyingine, na si kila mahali mashine za vyumba hivyo viwili huzungumza. Mama asiyetaka kulitaja jambo hilo mbele za watu amwambie nesi faraghani. Asilinyamaze.

Kisa cha Pittsburgh

Watu wa fani hii wanakifahamu kisa cha hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani. Oktoba 2002 walianza kuagiza dawa zote kwa kompyuta. Baadaye waganga walihesabu habari za watoto waliopelekwa pale kutoka hospitali nyingine. Katika miezi 13 ya kabla, walikuwa wamefariki 39 kati ya 1,394. Katika miezi 5 ya baada, walifariki 36 kati ya 548. Yaani kutoka chini ya 3 katika kila 100 hadi zaidi ya 6. Matokeo hayo yalichapishwa 2005 yakawashtua wengi.

Waganga wenyewe walitaja baadhi ya sababu. Zamani mtoto akiwa bado njiani, dawa zake zilikuwa zikitayarishwa. Mashine mpya haikukubali agizo mpaka mtoto afike na kuandikishwa. Tena wauguzi walivutwa kutoka kitandani kwenda kwenye mashine. Jambo la kutazamwa ni kwamba hospitali ya watoto ya Seattle iliweka programu hiyohiyo, ikajiandaa zaidi, na vifo havikuongezeka.

Kisa hiki kinatugusa kwa sababu nasi ni watu wa rufaa. Kutoka Bagamoyo mgonjwa mahututi hupelekwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili, na kutoka vijiji vya ndani safari ni ndefu zaidi. Habari ikitangulia, mgonjwa anakuta watu wamejiandaa. Kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga upo mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima 2022. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, mfumo unamwelekeza kwenye gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyeandikishwa, dereva analipwa kwa simu, na kituo kinachompokea mama kinaarifiwa. Andikeni namba hiyo ukutani kabla uchungu haujaanza.

Dharura ikitokea, mtu mmoja wa familia afuatane na mgonjwa akiwa na kadi na daftari. Ndiyo, daftari bado. Umeme hukatika, mtandao hukatika, na hospitali za sehemu mbalimbali si lazima zione faili moja. Ukurasa wa kwanza uwe na majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali na ya bima kama ipo, dawa zinazomezwa kila siku, na dawa iliyowahi kumkataa. Yaliyoandikwa kwenye karatasi siku umeme ulipokatika huenda hayajaingizwa mashinani, kwa hiyo ukirudi safari nyingine uliza kama yameingia.

Limebaki suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mfanyakazi hana ruhusa ya kufungua faili la jirani yake kwa udadisi, wala kumwazima mwenzake neno la siri la kuingilia mashinani. Lakini tujitazame na sisi ndugu: mara ngapi majibu ya mgonjwa yamepigwa picha yakatumwa kwenye kundi la ukoo kabla yeye mwenyewe hajaelezwa? Na pale dirishani, ambapo foleni nzima inasikia, kama jambo ni la faragha mwambie karani, "Dada, naomba nikuandikie." Kipande cha karatasi na kalamu vinatosha.