Nikampigie bosi magoti?

*Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ana ulemavu wa akili. Huu ni mwaka wa pili yuko kiwanda cha mikate, anapanga mikate kwenye makreti, na hakuwahi kulalamikiwa. Amekuja msimamizi mpya anayetoa maagizo matatu kwa mpigo. Kijana akichanganya, anafokewa. Wiki iliyopita kaambiwa getini asirudi, kazi haijui. Mkataba wa maandishi hana. Nataka nikampigie bosi magoti. Nifanyeje? – Dada mtu, Morogoro*

Magoti yaache kwanza. Unakwenda kuomba hisani mahali ambapo mdogo wako ana haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake. Aliyetimiza miezi sita kazini, kama yeye, haachishwi bila sababu halali na utaratibu wa haki. "Kazi haijui" inaweza kuwa sababu, ila si ya kutamkwa getini tu: mwajiri anatakiwa achunguze tatizo liko wapi, amwelekeze, ampe muda wa kujirekebisha. Na hapa tatizo linajionyesha lenyewe. Kijana alipanga mikate vizuri mpaka maagizo yalipoanza kuja matatu matatu. Apewe moja, akimaliza apewe lingine. Picha ya kreti lililopangwa sawasawa ibandikwe ukutani mbele yake, na awepo mwenzake mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa. Gharama yake ni gundi na karatasi.

Mkataba usikunyime usingizi. Kuuandika ni wajibu wa mwajiri, tena akiwa na mfanyakazi asiyeelewa maandishi, sheria inamtaka amweleze kwa namna atakayoelewa. Asipouonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Wala msijione mlibebwa: kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu.

Sasa kimbieni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mjaze Fomu Namba 1. Mna siku 30 tangu alipoachishwa, na wiki moja imeshakwenda. Bebeni kitambulisho cha kazi kama anacho, meseji za mshahara kwenye simu, na majina ya wenzake walioshuhudia. Mbele ya Tume anaruhusiwa mwakilishi anayemtaka mwenyewe, hata wewe dada yake.

Anayemtaka mwenyewe, nimesema. Barua yako nzima haina neno lake hata moja. Kaa naye, umuulize swali moja moja: anataka kurudi? Kwa msimamizi yuleyule? Fomu ataisaini yeye. Akisema pale harudi tena, mnaweza kudai fidia badala ya kurudishwa kazini. Liandikeni hilo kwenye fomu tangu mwanzo.